KIWANJA CHA SHULE NI CHA KILA MTOTO

(Hotuba hii ilisomwa na mwandalizi wetu wa vijana, aliyepata mafunzo yake katika chuo cha ualimu, mbele ya wazazi, walimu na wajumbe wa kamati ya shule, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa kijiji. Tunaichapa kwa sababu jambo lenyewe laweza kutokea katika kijiji cho chote.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mwalimu Mkuu, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana wenzangu:

Nawashukuru kwa kuja kwa wingi, hasa ninyi mlioacha mashamba yenu wakati huu wa palizi. Sitawaweka sana. Neno lililotukusanya ni moja, nalo ni kiwanja cha shule yetu ya msingi. Limeletwa pendekezo kwamba upande wa kiwanja unaoelekea barabarani ukatwe, zijengwe fremu kumi za maduka, na kodi itakayopatikana itumike kwa uji wa watoto. Mkutano mkuu wa kijiji utaitwa kulikata shauri hilo. Nimeombwa nitoe maoni yangu, nami nayatoa bila kuzunguka: kiwanja kisikatwe hata hatua moja.

Lakini mtu akisema hapana pasipo kutoa sababu, huyo anapiga kelele tu. Kwa hiyo naomba mzisikilize sababu zangu, mzipime, na mkiziona nyepesi mzitupe.

Tena nataka ifahamike mapema kwamba walioleta pendekezo hili si maadui wa watoto. Ni wazazi kama ninyi. Wamewaona watoto wakisinzia darasani saa nne kwa njaa, wakatafuta njia. Njaa ya mtoto ni jambo la kweli, na mtu anayeitafutia dawa anastahili heshima. Basi tusitukanane, tusitiliane mashaka. Tukae tupige hesabu pamoja.

SERIKALI IMEFANYA NINI

Yafaa tuanze juu, kisha tushuke mpaka hapa kijijini.

Mwaka 1967, ndio mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, Bunge lilipitisha Sheria Namba 12 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Nchi ilikuwa changa, fedha hakuna, barabara mbovu, walimu wachache. Hata hivyo viongozi wa wakati ule hawakusema kwamba michezo ingoje mpaka tutajirike. Waliona kwamba afya na umoja wa vijana ni sehemu ya kulijenga taifa. Mwaka 1995 ikatolewa Sera ya Maendeleo ya Michezo. Pale Malya, wilayani Kwimba, kuna chuo cha serikali cha kuwafundisha walimu na viongozi wa michezo, na Chuo cha Ualimu Butimba kinajulikana kwa walimu wake wa michezo na sanaa.

Kisha yako mashindano ya shule. UMITASHUMTA ni ya shule za msingi, UMISSETA ni ya sekondari. Huanzia shuleni, yakapanda wilayani na mkoani, mpaka yakafika taifa. Mwaka 2022, 2023 na 2024 wanafunzi wa mikoa yote walikutana Tabora. Mwaka 2025 wakakutana Iringa. Mtoto wa Kagera hucheza na mtoto wa Lindi, wakalala kambi moja, wakala chungu kimoja, wakarudi makwao kila mmoja akiifahamu nchi yake zaidi kuliko kwa kusoma ramani.

Tena juzi juzi, mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka Sanaa na Michezo kuwa somo katika shule ya msingi. Nawaomba mlishike neno hilo, kwa maana nitalirudia: somo, kama vile hesabu ni somo.

Matunda ya juhudi hizi na za wananchi wenyewe tumeyaona. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia. Mwaka 1980 kule Moscow yeye na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha, na mpaka michezo ya Paris ya 2024 hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo nchi yetu imepata. Mwaka 2022 mabinti zetu wa Serengeti Girls, wenye umri usiozidi miaka 17, walikwenda India katika Kombe la Dunia. Waliwafunga Wafaransa mabao 2 kwa 1, wakafika robo fainali. Hakuna timu ye yote ya Tanzania, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imefika Kombe la Dunia la FIFA kabla yao. Na tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza mbio za marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, sawasawa na Mjerumani Amanal Petros, ikabidi picha iamue. Picha ikasema Simbu. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Mambo haya twayashangilia kwa haki. Lakini, ndugu zangu, tukiishia kushangilia tutakuwa tumeangalia paa la nyumba tukasahau msingi.

MTOTO ASIYECHAGULIWA

Sasa tupige hesabu ya kwanza. Shule za msingi nchini ni zaidi ya 17,000, na wanafunzi wake ni zaidi ya milioni 11. Tuseme kila mkoa kati ya mikoa 26 ya Tanzania Bara unapeleka watoto 120 kwenye mashindano ya taifa. Jumla yao ni watoto 3,120. Gawanyeni milioni 11 kwa hiyo 3,120. Mtapata mtoto mmoja katika kila watoto 3,500 na zaidi.

Nauliza: wale 3,499 waliobaki wako wapi?

Wako hapa kwetu. Huyu ni mwanao anayekimbia polepole. Huyu ni binti yako ambaye hajawahi kuupiga mpira kwa sababu kila ukitupwa uwanjani huchukuliwa na wavulana. Huyu ni kijana mwenye mguu mmoja dhaifu ambaye saa ya michezo huambiwa akalinde madaftari. Mashindano ya taifa hayawezi kuwafikia hao, wala hayakukusudiwa kuwafikia. Kinachoweza kuwafikia ni kitu kimoja tu: kiwanja kilicho karibu na darasa lao, pamoja na saa ya kukitumia.

Ndiyo sababu nasema shauri hili la fremu si dogo kama linavyoonekana. Serikali yaweza kutunga sheria, ikajenga chuo, ikachapa mtaala, ikaita mashindano. Lakini serikali haiwezi kuja kucheza rede na binti wa darasa la tatu wa kijiji hiki. Mwisho wa njia yote ndefu iliyoanza mwaka 1967 uko pale nyuma ya madarasa, kwenye ule mwembe. Tukiukata mwisho huo, njia yote haikufika po pote.

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kwenda mbio na kutoka jasho. Zamani mzazi hakuhitaji shirika kumwambia hivyo. Watoto walichunga, walicheza kombolela mpaka giza, wakaruka kamba, wakapiga chandimu kwa mpira wa matambara. Siku hizi maeneo yamejaa. Mashamba yamefika mlangoni, pikipiki zimeshika njia, na mahali palipokuwa uwazi pamekuwa na ukuta. Kiwanja cha shule ndiyo ardhi ya mwisho katika kijiji hiki ambayo mtoto anaweza kukimbia bila kufukuzwa na mtu.

HESABU YA FREMU

Hesabu ya pili ni ya kiwanja chenyewe. Tulikipima juzi na Mwalimu wa Michezo kwa kamba. Urefu ni mita 100, upana ni mita 60. Hizo ni mita za mraba 6,000. Shule ina watoto 600. Kila mtoto ana mita za mraba 10, mahali pa kutosha kunyosha mikono na kuruka.

Fremu pamoja na njia ya wateja zitakula mita 30 za urefu. Urefu utabaki mita 70. Sheria za mpira wa miguu zataka kiwanja kisipungue mita 90. Basi siku hiyo hiyo shule yetu haitaweza tena kuwa mwenyeji wa mechi hata na shule jirani, na watoto wetu watakuwa wa kusafiri daima. Na kila mtoto atabakiwa na mita za mraba 7, tena upande mmoja una vioo vya maduka na moto wa wakaanga chipsi. Mpira ukivunja kioo mara moja, mara mbili, mwenye duka atakwenda kwa Mwenyekiti, na itatolewa amri kwamba watoto wasicheze. Hivyo mita 30 zitachukuliwa kwa mkutano, na zile 70 zitachukuliwa kwa malalamiko.

Je, tutapata nini? Tuseme fremu zote kumi zimepangishwa, hakuna hata moja iliyokaa tupu, na kila moja inalipa Sh 20,000 kwa mwezi. Hizo ni Sh 200,000 kwa mwezi, yaani Sh 2,400,000 kwa mwaka. Ukizigawa kwa watoto 600, kila mtoto anapata Sh 4,000. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Kwa hiyo kila mtoto anapata kama Sh 20 kwa siku. Wazazi wangu, mama zangu mnaopika, niambieni: Sh 20 inapika uji wa namna gani? Nayo hesabu hii haijatoa gharama za kujenga, wala za kukarabati, wala miezi ile ambayo mpangaji hatalipa.

Naendelea kusema kwamba watoto wale uji wanauhitaji. Lakini uji unatoka katika mahindi, na mahindi tunayo. Kila nyumba ikitoa debe moja wakati wa mavuno, ghala la shule litajaa kuliko fremu kumi zitakavyoweza kulijaza. Na kama kijiji kinataka maduka, nami napenda kijiji kiwe na maduka, iko ardhi yetu ya kijiji karibu na mnada, mahali ambapo wanunuzi hufika wenyewe. Duka laweza kuhama. Kiwanja kikishajengwa hakirudi. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyewahi kuona nyumba za biashara zikivunjwa ili watoto wapate pa kuchezea.

WASEMAO MICHEZO HUPOTEZA MASOMO

Liko neno jingine ambalo halikuandikwa katika pendekezo, lakini linasemwa vibarazani. Wako wasemao: “Mtoto amekwenda shule kusoma. Mpira ni uhuni. Atafeli mtihani.”

Wazee wangu, hofu hii naifahamu. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, niliona katika shule moja ratiba nzuri ukutani, imeandikwa “Michezo” siku mbili kwa juma. Kwa muda wote niliokaa pale, saa ile haikutoka nje hata mara moja. Kila juma ilichukuliwa na hesabu. Mwalimu aliyeichukua hakuwa mvivu. Alikuwa na bidii kupita sisi sote. Aliogopa matokeo ya darasa la saba, kwa kuwa aliona shule hupimwa kwa matokeo hayo na hakuna anayeuliza kama watoto walitoka jasho.

Lakini yafaa tuseme wazi sasa kwamba hali imebadilika. Mtaala wa serikali umelifanya jambo hili kuwa somo. Mwalimu akichukua saa ya Sanaa na Michezo akaitia hesabu, amemnyang’anya mtoto somo lake, sawa na yule ambaye angechukua saa ya hesabu akaitia mpira. Na mzazi anayedai saa hiyo irudishwe anadai haki iliyoandikwa, haombi fadhili.

Tena tusidanganyane juu ya uhuni. Kijana anayejifunza kusimama filimbi inapopulizwa, hata kama anaona mwamuzi amekosea, amejifunza sheria. Nahodha anayempa mwenziwe mpira kwa sababu amekaa vizuri zaidi yake, amejifunza uongozi. Timu inayofungwa mabao matatu ikawapa mkono washindi, imejifunza jambo ambalo watu wazima wengi tunashindwa siku ya uchaguzi. Mhuni hutokea mahali ambapo kijana hana la kufanya saa kumi ya jioni.

BINTI ZETU NA WALIO NA ULEMAVU

Nataka niseme na akina baba kidogo. Tukisema “watoto wanacheza”, mara nyingi maana yetu ni wavulana. Pitieni shuleni jioni mhesabu. Wavulana wako uwanjani, wasichana wako kisimani. Si kwamba hawapendi michezo. Kengele ya mwisho ikilia, mvulana huwa huru, na msichana huanza zamu ya pili: maji, kuni, mdogo wake mgongoni.

Wale mabinti waliowafunga Wafaransa huko India walikuwa watoto wa watu kama sisi. Kabla ya kocha kuwaona, ilipasa mtu fulani nyumbani akubali kwamba ndoo ya maji ichotwe na mwingine siku hiyo. Timu ile isingeweza kuwapo bila ruhusa hizo ndogo ndogo za nyumbani.

Kwa hiyo michezo ya shule iwe ndani ya saa za shule. Tukiiweka baada ya kengele, tumewaondoa wasichana hata kama hatukutaja jina lao. Na uwanja wa netiboli hauhitaji makuu: mita 30 na nusu kwa mita 15 na robo, milingoti miwili ya mikaratusi, na pete mbili za chuma ambazo fundi wetu wa kuchomelea anaweza kuzipinda kwa asubuhi moja.

Nao watoto wenye ulemavu wana mahali pao. Katika mashindano ya shule ya taifa wako wasioona wanaocheza mpira wenye njuga ndani yake, wakiufuata kwa masikio, na wako viziwi wanaocheza soka wakimtazama mwamuzi mwenye bendera. Ikiwa hayo yanawezekana kitaifa, hapa kwetu hakuna sababu ya mtoto kuambiwa akalinde madaftari.

FEDHA NA WAJIBU

Nimesema sana juu ya wajibu wetu. Sasa niseme juu ya wajibu wa walio juu yetu, maana mwananchi anayejitolea ana haki ya kuuliza.

Mwaka 2023 iliahidiwa Sh 5,000,000 kwa kila bao ambalo Simba na Yanga wangefunga katika mashindano ya Afrika. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Timu zile zinabeba jina la nchi. Lakini nauliza kwa adabu: hata tukihesabu mpira mmoja wa shule kuwa Sh 50,000, bao moja ni mipira 100. Mipira 100 ni shule 50, kila shule miwili. Nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, ilipewa Septemba 2023 kuandaa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na kwa ajili hiyo viwanja vikubwa vimewekewa mamilioni mengi. Ni heshima. Ila wachezaji wa mwaka 2037 wako darasa la pili leo, na wanacheza kwenye vumbi lenye mawe.

Iko njia ya fedha. Serikali ina Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na sehemu ya mapato yatokanayo na michezo ya kubahatisha hupelekwa huko. Fedha hizo nyingi hutoka mifukoni mwa vijana wetu wanaobashiri mechi za Ulaya. Ni haki basi zirudi kwa wadogo zao kama mipira na filimbi, na Diwani wetu aulize katika Halmashauri: katika mwaka huu wa fedha, kiasi gani kimefika katika shule za msingi za wilaya hii? Aulize pia Afisa Michezo wa wilaya ana usafiri gani wa kufika vijijini, au amepewa cheo bila miguu.

Shuleni pia kuna kitu. Mpango wa elimu bila ada wa Januari 2016 uliweka Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Tuseme zinazofika shuleni ni Sh 6,000. Kwa watoto 600 ni Sh 3,600,000. Sehemu moja ya ishirini ya hizo ni Sh 180,000. Hizo zinanunua mipira mitatu, na chenji inabaki kwa chokaa na filimbi. Simlaumu Mwalimu Mkuu. Najua chaki na umeme na karatasi za mitihani zinamngoja. Nasema tu kwamba kamati ya shule inaweza kuamua, na mzazi anaweza kuuliza yameandikwa wapi.

Mipira mitatu, nyinyi mtasema, kwa watoto 600? Ndiyo, lakini si kwa mchezo mmoja. Watoto 22 wakicheza mpira wa miguu, 578 wamesimama wanatazama. Lakini kiwanja chetu kikigawanywa, upande mmoja netiboli, upande mmoja wavu wenye mita 18 kwa 9, katikati mipira midogo ya watoto saba saba, pembeni mbio za kupokezana vijiti na kuruka kamba, basi darasa zima hucheza kwa saa moja na hakuna anayetazama. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Lakini huwezi kugawanya kiwanja ambacho kimeshauzwa.

NINACHOPENDEKEZA

Ndugu Mwenyekiti, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 haikumpa mtu mmoja wala watu wachache uwezo wa kuigawa ardhi ya kijiji peke yao. Neno la mwisho ni la mkutano mkuu, yaani ni la hawa waliokaa hapa. Basi mje siku ile, wanaume kwa wanawake, na kabla ya kupiga kura nawaomba mfikirie mambo haya matano.

La kwanza, kiwanja chote, mita 100 kwa 60, kipimwe, mipaka yake ipandwe miti, na vipimo viandikwe katika muhtasari wa kijiji, ili hata sisi tukiondoka atakayekuja asiseme hakujua.

La pili, fremu zijengwe karibu na mnada, na kijiji kiamue sehemu ya kodi yake iende shuleni.

La tatu, kila nyumba yenye mtoto shuleni itoe debe moja la mahindi kwa uji wakati wa mavuno, na nyumba isiyo na uwezo isidaiwe. Haba na haba hujaza kibaba.

La nne, saa ya Sanaa na Michezo isiguswe na mtu, iwe ndani ya saa za shule, na kamati ya shule ipewe taarifa kila muhula: watoto wangapi walicheza, wavulana wangapi, wasichana wangapi, wenye ulemavu wangapi. Tukiulizwa vikombe vingapi, tutajibu baadaye.

La tano, Diwani wetu apewe barua ya mkutano huu, yenye yale maswali mawili ya fedha na ya usafiri, na arudi kutuletea majibu hapa hapa hadharani.

Vijana wenzangu, kuna kazi isiyongoja kura. Jumamosi hii, saa moja ya asubuhi, kila mwenye jembe aje, mwanachama na asiye mwanachama. Kiwanja kina mawe upande wa goli la kusini, na kila mvua maji husimama katikati. Tutaokota mawe, tutachimba mfereji, tutasimika milingoti ya netiboli. Fundi amekwisha kubali kutoa pete bure. Mwalimu wa Michezo atatuonyesha vipimo. Wazee wakitaka kuja kutusimamia chini ya mwembe, karibuni. Maji ya kunywa yatakuwapo.